Kabla ya kununua Nissan Leaf iliyotumika: namna ya kujua kwa nini mwenyewe wa kwanza aliiuza

Gari la petroli lililochoka hujitangaza lenyewe: moshi mweupe, gia inayogoma, mafuta yanayodondoka kwenye sakafu ya yadi. Gari la umeme halina wa kulisaliti. Linaweza kuwa na rangi inayong'aa, likawa limetembea kilomita 40,000 tu, likaondoka kwa nguvu na ukimya unaopendeza, kumbe mwenyewe aliliuza kwa sababu lilikuwa halimfikishi tena kazini na kumrudisha nyumbani. Kwa magari haya, basi, swali la "kwa nini aliliuza?" hutangulia swali la kilomita, na mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulitafutia jibu bila kutegemea ulimi wa dalali. Nimechagua Nissan Leaf kwa kuwa ndiyo gari la umeme kutoka Japani ambalo wanunuzi wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam hukutana nalo kwa urahisi zaidi.

Jambo la kwanza ni kujua ni Leaf ipi iliyo mbele yako. Ya kwanza kabisa iliingia sokoni Japani na Marekani mwezi Desemba 2010, ikiwa na betri ya kilowati-saa 24. Mwishoni mwa 2015 ikaja yenye betri ya 30, na Oktoba 2017 Japani ikaanza kuuza kizazi cha pili chenye betri ya 40, kikafuatiwa mwaka 2019 na toleo la 62. Leaf ya 2010 ilitangazwa Japani kwamba huenda kilomita 200 kwa chaji moja kwa kipimo cha huko kiitwacho JC08, lakini gari hilohilo lilipopimwa Marekani na shirika la mazingira la EPA lilipewa maili 73, yaani kilomita 117. Toleo la 40 nalo lilitangazwa kilomita 400 Japani na 243 Marekani. Kwa hiyo ukiona namba ya Kijapani imebandikwa kwenye kioo cha gari yadini, ondoa asilimia 40 kabla hujaanza kupiga hesabu yoyote. Wapo wenye magari wa awali ambao hawakupata ubovu wowote ila huo wa kuamini tangazo. Walipogundua umbali halisi, wakauza.

Sababu hiyo haipaswi kukutisha, kwa kuwa inaishia kwa mwenyewe wa kwanza. Zipo nyingine za aina hiyo. Nchini Marekani watu wengi hawakununua Leaf zao bali walizichukua kwa mkataba wa ukodishaji wa miezi 36, na mkataba ulipoisha gari lilirudishwa na kuuzwa hata kama lilikuwa halina kasoro. Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kwa kuwa ukaguzi huo una gharama, wengi huuza gari muda unapokaribia. Ndiyo maana utaona magari mengi ya Kijapani yameuzwa yakiwa na umri wa miaka 3, 5 au 7. Wengine walivutwa na toleo jipya, na wengine waliona bei ikishuka wakaogopa kubaki na mali inayoporomoka: Leaf iliyoanza kuuzwa Marekani kwa dola 32,780 ilipata toleo la bei nafuu la dola 28,800 mwaka 2013, na thamani ya zilizotangulia ikashuka pamoja nayo. Kuna pia baridi. Leaf za miaka ya mwanzo zilipasha joto ndani ya gari kwa koili ya umeme iliyokula betri moja kwa moja, na mkazi wa Hokkaido, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Japani, alijikuta akichagua kati ya kufika na kutetemeka. Mnunuzi wa Tanga hahitaji kulifikiria hilo. Wa Njombe, mwezi wa Julai, labda kidogo.

Sababu zinazohitaji jicho kali ni zile zinazopanda meli pamoja na gari. Kubwa kuliko zote ni betri, na kwa Leaf jambo hili lina historia yake. Betri ya Leaf za vizazi hivi viwili haipozwi kwa maji wala kwa feni. Hutegemea hewa inayopita chini ya gari, hivyo joto la mazingira hukaa ndani yake. Mwaka 2012 wenye Leaf katika jimbo la Arizona, hasa mjini Phoenix, walianza kulalamika kwamba magari yao yamepoteza uwezo mapema mno. Baada ya mvutano, Nissan iliongeza dhamana kwa matoleo ya betri ya 24: mistari ya dashibodi inayoonyesha uwezo wa betri ikishuka chini ya 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, ingeitengeneza au kubadilisha betri. Toleo la 2015 lilikuja na betri inayovumilia joto vizuri zaidi. Kwa mtu wa pwani, ambako gari hushinda juani na usiku nao hauna baridi ya maana, kati ya Leaf ya 2012 na ya 2015 mimi nisingesita kuchukua ya 2015, hata kama ya 2012 ingepunguzwa bei mara mbili.

Mistari hiyo ya uwezo iko upande wa kulia wa dashibodi, myembamba, kando ya ile minene inayoonyesha chaji iliyopo. Usiichanganye. Ile minene hupanda na kushuka kila siku. Myembamba, ambayo ni 12 gari likiwa jipya, ikishuka huwa imeshuka. Mstari wa kwanza hupotea betri ikiwa imebaki na takriban asilimia 85 ya uwezo, na kila mstari unaofuata ni kama asilimia 6 na robo. Gari lenye mistari 8, basi, lina karibu asilimia 66. Ukichukua kilomita 117 za EPA na kuzizidisha kwa 0.66 unapata 77. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kama kilomita 65. Utafika, utakula samaki, na utaanza kutafuta soketi.

Tatizo ni kwamba mistari inaweza kudanganya, kwa sababu kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, na ikifutwa huonyesha mistari 12 kwa wiki au miezi kadhaa hadi itakapojifunza upya hali halisi. Niliwahi kumsindikiza binamu yangu kutazama Leaf ya 2013 katika yadi moja upande wa Nyali. Mistari 12, yote imewaka. "Hesabu mwenyewe, ndugu yangu, betri haijaguswa," akasema muuzaji, na kweli tulihesabu. Tukaomba kulijaribu barabarani, tukaondoka na chaji ya asilimia 91, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, tukaenda Mtwapa na kurudi kwa mwendo wa kawaida. Njiani namba ilikuwa ikishuka taratibu, kisha karibu na Shanzu ikaruka kutoka 63 hadi 55 kwa mkupuo mmoja. Tuliporudi yadini ilikuwa 48. Kilomita 31 zilikuwa zimekula asilimia 43, yaani chaji nzima ingetupeleka kilomita 72 tu. Gari la miaka mingi lenye betri inayodai kuwa nzima kabisa linapaswa kukutia shaka zaidi kuliko lenye mistari 10 inayoeleweka.

Kwa hiyo usikubali kuzungushwa mtaa mmoja. Omba kuendesha angalau kilomita 25, andika asilimia na kilomita za odomita mwanzoni na mwishoni, kisha gawa. Usitumie kilomita zinazokadiriwa na dashibodi, kwa sababu makadirio hayo hufuata jinsi gari lilivyoendeshwa siku zilizopita. Likiwa limesukumwa polepole yadini kwa wiki nzima, litakuahidi safari ambayo haipo.

Pamoja na hilo, beba kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari, chini ya usukani, na uweke kwenye simu programu iitwayo LeafSpy. Programu hii itakuonyesha uwezo uliobaki kwa asilimia, kwa jina la SOH, na volti za jozi zote 96 za seli, yaani vipande vidogo vinavyounda betri. Jozi moja ikiwa chini sana ya wenzake, hasa chaji ikiwa imeshuka chini ya asilimia 30, hiyo ndiyo itakayokuzimia gari njiani hata kama wastani ni mzuri. Usimruhusu fundi wa jirani kufungua betri kwa udadisi. Umeme wa ndani yake ni wa volti zaidi ya 350, na unaua.

Lakini kwa swali letu, namba ninayoipenda zaidi katika programu hiyo ni hesabu ya chaji. Inakuambia gari lilichajiwa mara ngapi kwa chaji ya haraka na mara ngapi kwa chaji ya polepole, na hapo ndipo maisha ya mwenyewe wa kwanza yanapojianika. Gari lenye maelfu ya chaji za polepole na chaji chache za haraka lilikuwa la mtu mwenye nyumba na maegesho yake, aliyechomeka usiku na kulala. Huyo huenda aliuza kwa sababu ya ukaguzi au kwa kutamani toleo jipya. Gari la kilomita 60,000 lenye chaji za haraka 1,500 linasimulia habari tofauti: mwenyewe aliishi katika jengo la ghorofa lisilo na soketi, au gari lilikuwa la kazi. Katika miji ya Japani tatizo la maghorofa ni la kweli, na ni sababu halali ya kuuza, ila betri iliyochajiwa haraka mara kwa mara imekula joto jingi. Jiulize wewe pia, kwa uaminifu, gari lako litalala wapi. Mpangaji wa ghorofa ya nne Pangani au Kariakoo asiye na ruhusa ya kushusha waya atauza gari hilo kwa sababu ileile aliyouzia Mjapani.

Baada ya betri, kagua matundu ya kuchajia. Leaf ya Japani ina tundu la CHAdeMO kwa chaji ya haraka na la Type 1 kwa chaji ya polepole. Nissan yenyewe ilipotoa gari lake la Ariya kwa Ulaya na Marekani ilihamia mfumo mwingine wa plagi uitwao CCS, na baadhi ya wenye Leaf huko walisoma alama za nyakati wakauza. Kabla ya kulipa, nenda ukaone kwa macho kituo cha chaji unachokitegemea, utazame plagi zilizopo. Waya wa kuchajia unaokuja na gari nao ni wa umeme wa Japani wa volti 100 au 200, wakati nyumbani kwetu ni 230 hadi 240. Mwonyeshe fundi umeme lebo yake kabla ya mtu yeyote kukata plagi na kufunga nyingine.

Karatasi ya mnada wa Japani iombwe mapema, si siku ya malipo. Mara nyingi huandikwa humo idadi ya mistari ya betri siku gari lilipouzwa. Ikisema 9 na dashibodi inasema 12, huna haja ya kuuliza tena. Gari likiwa limetoka Uingereza, ambako usukani ni wa kulia kama kwetu, kuna jambo la ziada: Nissan iliwahi kuuza huko Leaf zilizoitwa Flex, ambazo mwenyewe alinunua gari na kukodi betri. Hakikisha kwa maandishi kwamba betri imeuzwa pamoja na gari.

Kwa Kenya kuna sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8, na kwa kuwa uzalishaji wa kizazi cha kwanza cha Leaf ulifika kikomo 2017, Leaf za aina hiyo zilizopo sokoni sasa zinauzwa na Wakenya wenyewe. Hapo una wauzaji wawili wa kuwachunguza, yule wa Japani na huyu wa hapa. Huyu wa hapa unaweza kumuuliza uso kwa uso: alikuwa akichaji wapi, safari yake ya kila siku ilikuwa kilomita ngapi, na amenunua gari gani badala yake. Swali hili la mwisho halionekani kuwa na uzito, na ndiyo maana hujibiwa kwa ukweli. Aliyehamia gari jingine la umeme lenye betri kubwa zaidi anakuambia kwamba mfumo ulimfaa. Aliyerudi kwenye petroli ana jambo, nawe endelea kumsikiliza.

Mkishaelewana bei, chukua picha ya skrini ya simu yenye SOH, hesabu za chaji na kilomita, na namba hizo ziingie kwenye mkataba wa mauziano pamoja na namba ya chasisi. Betri ya kubadilisha si jambo dogo: mwaka 2014 Nissan iliiuza Marekani kwa dola 5,499 kwa aliyerudisha ya zamani, na mwaka 2018 Japani ikaanza kutoa zilizokarabatiwa kwa yeni 300,000, lakini huduma hizo zilikuwa kwa wateja wa huko, na meli haikuzileta hapa. Kama SOH iko chini ya 70, bei ya gari iwe ni ile ya bodi, matairi na safari fupi za mjini, na umwambie muuzaji hivyo mbele ya shahidi wako kabla hamjatia sahihi.