Namna ya kuingiza hesabu za ligi iliyotengwa kwenye daftari moja bila kumdanganya mtu

Juzi hapa Kamalondo, Lubumbashi, tumekaa kwa mama mmoja anayechoma mahindi, kijana akatoa simu akatusomea kwamba mwenye wastani mkubwa wa kupiga (hiti, yaani mapigo yaliyomfikisha salama kituoni, ukigawa kwa zamu zake za kupiga) kuliko wote kwenye besiboli ya Marekani si Ty Cobb tena, ni Josh Gibson, mtu mweusi aliyekufa 1947, alichezea ligi za weusi na hakuwahi kucheza ligi kuu hata siku moja. Ikawa kelele. Mzee mmoja akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa, "Bile bitabu bilikuwaka bya bazungu, leo banamuingiza mule juu ya haya tu." Yaani vitabu vilikuwa vya wazungu, leo wanamuingiza kwa aibu tu. Kijana akajibu ni haki yake bwana. Mi nimeandika matokeo ya ekipe yetu ya kartie, timu ya mtaa, kwenye kaye, daftari langu, miaka 14 sasa, nikanyamaza nikala mahindi yangu, maana wote wawili waligombania haya na haki na hakuna aliyeuliza zile namba zilihesabiwaje.

Basi ngoja niandike vile inafanywa. Kama una ligi mbili, moja ilitambuliwa na nyingine ilifukuzwa, na unataka ziingie daftari moja, njia iko. Natumia mfano wa Wamarekani kwa sababu wao wamefanya hadharani, unaweza kuwafuata nyuma ukakagua.

Kabla ya kugusa namba, andika juu ya ukurasa kwa nini kuna daftari mbili. Hapa watu wengi wanaruka na ndo maana wanagombana hadi usiku. Ligi ya pili ikiwa pembeni kwa sababu wachezaji wake walikuwa dhaifu, iache hukohuko, daraja la pili ni daraja la pili. Lakini ikiwa pembeni kwa sababu ya ngozi, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi, alicheza Toledo mwaka 1884, halafu wenye timu wakafunga mlango, hakuna sheria iliyoandikwa mahali, walielewana tu kimyakimya, na mlango ukakaa hivo mpaka Jackie Robinson alipoingia na Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947. Hapo katikati weusi hawakukaa kumsubiri mtu. Mwaka 1920 Rube Foster aliwakusanya wenye timu Kansas City wakaanzisha Negro National League, na nyingine zikafuata.

Kwetu hii habari si ngeni. Elisabethville ya wakoloni, ndo Lubumbashi ya leo, ilikuwa na mji wa wazungu, sisi huku Cité Albert, ndo Kamalondo ya leo, na katikati ukanda mtupu usiojengwa kitu. Sasa usiniambie mpira wa pande zote mbili ulihesabiwa kwa kalamu moja.

Ukishaandika sababu, chora mpaka, tena uchore kabla hujaona namba za mtu unayempenda, la sivyo utausogeza. Wamarekani walichukua ligi saba, kuanzia 1920 hadi 1948, wakasimama hapo. Kwa nini 1948? Kwa sababu mlango ulikuwa umeshafunguka, wachezaji wazuri walikuwa wanahamia ligi kuu, na Negro National League ya pili, iliyochukua jina la ile ya Foster iliyokufa mapema, nayo ikafa mwaka huo. Matokeo yake Hank Aaron, mchezaji mkubwa mweusi ambaye alianza na Indianapolis Clowns mwaka 1952, hakuongezewa kitu. Inauma, ila mpaka ni mpaka, ukimfungulia Aaron kesho mwingine atabisha hodi na mwaka 1953 mkononi.

Mpaka wa pili ni aina ya mechi na huu ndo mgumu. Zile timu hazikuishi kwa ligi peke yake, walipanda basi wakazunguka mji kwa mji wakicheza na yeyote anayelipa, mara timu ya kiwanda, mara ya kijiji, siku nyingine mechi mbili kabla jua kuzama, pesa ya kula ilitoka huko. Kibao cha Gibson kwenye jumba la heshima la Cooperstown kinasema alipiga homurani (pigo la kuzunguka vituo vyote) karibu 800, zikiwemo za nje ya ligi. Nenda kwenye hesabu rasmi, hazifiki 200. Zilizobaki hazikuibiwa na wala si uongo, zilipigwa kwenye mechi za kirafiki, na mechi ya kirafiki haihesabiwi hata kwa Babe Ruth, mzungu mwenye jina kubwa la homurani. Hapo wasimamizi walikuwa wakali na mi nawapa heko. Nina kijana hapa alifunga magoli matano kwenye mechi ya siku ya harusi, dhidi ya wafyatua matofali ambao nusu yao walikuwa wameshakunywa, akaja na shemeji yake kama shahidi niyaandike. Nikakataa. Hakunisalimia mpaka Pasaka.

Halafu unatafuta karatasi, na hapa ndo kazi yenyewe iko, inaweza kula miaka. Magazeti makubwa ya wazungu hayakujali kuandika mechi za weusi, ila magazeti ya weusi wenyewe yaliandika, Chicago Defender, Pittsburgh Courier, Baltimore Afro-American, na watu kama Larry Lester na Gary Ashwill walikaa miaka na miaka wakisoma kurasa hizo, mechi baada ya mechi, nani alisimama kupiga mara ngapi na akapata nini. Wasiwaze watu kwamba ofisi ya ligi kuu ndo ilichimba, ofisi ilikuja mwishoni ikakuta shamba limeshalimwa. Hata hivyo hazikupatikana zote, wakati hesabu zinatangazwa walikuwa wamefikia karibu robo tatu ya mechi, kwa hiyo zile namba bado zinaweza kusogea juu au chini, na walisema hivyo wazi.

Karatasi ikipatikana usiiamini palepale, ipime. Hiti walizopata wapigaji wa upande huu lazima zilingane na hiti alizopigwa mrushaji wa upande ule. Kwenye mpira wetu ni vilevile, magoli ya wafungaji wangu yakiwa manne na kipa wa upande ule amefungwa matatu, kuna mtu amelala. Kwenye kaye yangu kuna ukurasa ulinyeshewa, namba imevimba, huwezi kujua ni 3 au 8. Yule kijana aliyehusika anaapa ni 8. Nilikwenda mpaka kwa aliyekuwa anaandika upande wa pili, naye kaye yake mke aliwashia makaa. Basi nimeacha kwa penseli. Biki ni kwa kilichothibitishwa, penseli ni kwa kinachosubiri, na kwenye jumla naweka cha biki tu.

Sasa kujumlisha. Vitu vya kuhesabu, kama hiti, unaongeza tu. Robinson alikuwa na hiti 1,518 za ligi kuu, ongeza 49 za timu ya weusi, Kansas City Monarchs, za mwaka 1945, unapata 1,567. Willie Mays 3,283, ongeza 10 za Birmingham Black Barons za 1948 alipokuwa kijana wa miaka 17, unapata 3,293. Minnie Miñoso ndo aliyenufaika vizuri, alikuwa amekwama kwenye 1,963, akapewa 150 za New York Cubans, akavuka elfu mbili na kufika 2,113. Ukiangalia orodha ya homurani nyingi juu kabisa hakuna kilichotikisika, Aaron 755 yake, Ruth 714 yake. Mtu anayelia kwamba vitabu vimepinduliwa mwambie aisome hiyo orodha kwanza.

Kilichotikisika ni wastani, na hapa ndo watu wanapokosea vibaya. Wastani na wastani havijumlishwi ukagawa kwa mbili! Mfano wangu mwenyewe: mchezaji kapiga hiti 30 kwa zamu 100 kwenye ligi moja, hiyo 0.300, na hiti 10 kwa zamu 20 kwenye nyingine, hiyo 0.500. Mtu mvivu anakwambia 0.400. Hapana, unarudi kwenye mbegu, hiti 40 kwa zamu 120, ni 0.333. Tofauti hiyo inatosha kumtoa mtu kwenye mashujaa ikamrudisha kwa watu wa kawaida kama sisi.

Na uweke kizingiti, yaani mtu awe amesimama kupiga mara kadhaa ndo aingie kwenye orodha ya wakubwa, la sivyo aliyepiga mara moja akabahatika atakuwa mfalme wa dunia. Kwa msimu, kanuni yao ni kusimama na gongo mara 3.1 kwa kila mechi ya timu yake, kwa hiyo msimu ukiwa mfupi kizingiti nacho kinashuka kwa kipimo hichohicho. Gibson anavuka bila kusukumwa. Namba zilipotangazwa, wastani wa maisha yake ulikuwa 0.372, Cobb 0.367. Nguvu ya mapigo, pale homurani inapohesabiwa zaidi ya hiti ya kawaida, 0.718 dhidi ya 0.690 ya Ruth. Na msimu wa 1943 alipiga 0.466, rekodi ya zamani ilikuwa 0.440 ya Hugh Duffy, tangu 1894.

Watakuambia misimu yao ilikuwa mifupi. Kweli, ilikuwa mifupi, na msimu mfupi unarahisisha wastani kupanda, usibishe hilo utaonekana shabiki. We waulize tu mwaka 2020, wakati wa Kovidi, ligi kuu ilicheza mechi ngapi. 60 tu, msimu mfupi nao. Zikahesabiwa zote, na John Thorn, mwanahistoria wa ligi aliyeongoza kamati ya kukagua namba hizi, alisema ule msimu ndo uliowafanya wafikirie upya. Halafu waulize kuhusu kamati ya 1969 iliyoamua ligi zipi ni kuu, ikaikubali hata Union Association iliyoishi msimu mmoja tu, 1884, ikafa, na ligi za weusi ikaziacha nje zote. Ufupi haukuwa shida siku hiyo.

Mwingine atataka alama, kinyota kidogo pembeni ya jina la Gibson kuonyesha kwamba yeye si kama wengine. Mi nasema hapana, na nina mfano wa nyumbani. Mazembe, timu yetu ya hapa Lubumbashi, ina vikombe vitano vya mabingwa wa Afrika, 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Kile cha 1967 walikibeba wakiitwa Englebert, fainali na Asante Kotoko ikaisha sare mara mbili, ikapangwa ya tatu, Kotoko hawakutokea, kombe likaja huku. Nani hapa Lubumbashi anaweka kinyota kwenye hicho kikombe? Jaribu kukiweka uone utarudi nyumbani na viatu vingapi. Cobb naye alicheza maisha yake yote bila kukutana kwenye ligi na mrushaji mweusi hata mmoja. Kinyota ukikianza, anza na yeye.

Badala ya kinyota weka safu. Jina, mwaka, ligi, timu, mechi ngapi, zamu ngapi, hiti ngapi. Msomaji aone mwenyewe kwamba Gibson alikuwa Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, na mechi zilikuwa chache, na ajue kwa nini. Usifute kilichokuwepo, 0.367 ya Cobb haijaguswa hata nukta, kilichobadilika ni mstari anaokaa. Na chini andika tarehe za mabadiliko. Uamuzi wa kuzitambua ligi ulitoka Desemba 2020, namba zenyewe zikaingia mwisho wa Mei 2024. Robinson, Miñoso, wote walikuwa wameshazikwa. Mays alikuwa hai bado, akafa wiki tatu baadaye. Gibson alikufa Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla Robinson hajaingia.

Niliporudi kwa mama wa mahindi na hii jedwali nimeichora kwenye kaye, mzee aliisoma polepole, kidole juu ya kila safu, akafika mwisho akaniuliza, "Na ya baba yangu iko wapi?" Baba yake alichezea ekipe moja ya cité kabla ya uhuru. Kesho yake akaniletea picha, vijana kumi na mmoja wamesimama pekupeku, nyuma majina tisa na mwaka, wawili hakuna anayewakumbuka. Picha si mechi. Haina matokeo, haina mpinzani. Nimefungua ukurasa mpya, nimeyaandika yale majina tisa kwa penseli, na nimeacha mistari miwili.