Jinsi ya kuripoti michango ya kikundi cha kisiasa Marekani: mwongozo kwa mweka hazina mpya

Ninatunza hesabu za vikundi vidogo vya kisiasa hapa Marekani, vingine vikiwa vya ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili waliokwisha kupata uraia na sasa wanataka sauti yao isikike kwenye uchaguzi. Mweka hazina anayeanza kazi huniuliza kuhusu fomu. Mimi humuuliza kwanza kuhusu daftari: siku ile fedha ilipoingia, uliandika nini? Ukilijibu swali hilo vizuri, fomu yenyewe ni kazi ya jioni moja. Usipolijibu, utamaliza wiki nzima ukiwapigia watu simu kuwauliza wanafanya kazi wapi.

Hatua ya 1: Hakikisha sheria hii inawahusu

Kifungu cha 527 cha sheria ya kodi kinahusu vikundi ambavyo kazi yao kuu ni kukusanya na kutumia fedha ili mtu fulani achaguliwe, ateuliwe au akose wadhifa wa umma. Michango yao haitozwi kodi ya mapato. Kwa msamaha huo, tangu Julai 2000 Bunge la Marekani linawataka waeleze hadharani nani amewapa fedha na nani wamemlipa. Kabla ya hapo kikundi kiliweza kumwaga fedha kwenye matangazo ya kampeni bila mpiga kura kujua zimetoka kwa nani. Hii ndiyo sababu naipenda kazi hii, karatasi zake zote pamoja.

Kamati zinazoripoti kwa Tume ya Uchaguzi, FEC, hazijazi fomu ninazozieleza hapa. Kamati ya mgombea wa jimbo au wa mji nayo imesamehewa. Kikundi kinachoshughulika na chaguzi za jimbo tu, na kinachotoa taarifa kamili jimboni kwa mujibu wa sheria, kinaweza kusamehewa Fomu 8872, ile ya ripoti ya michango na matumizi, ila 8871, ya kujiandikisha, kitajaza. Mkitarajia kuwa mapato yenu hayatafika dola 25,000 katika mwaka wowote, hamdaiwi kujiandikisha. Yakifika, mna siku 30.

Kuna jambo naliona mara nyingi na linaniumiza. Chama cha jumuiya, kile cha kuzikana, kusaidiana na kufundisha watoto Kiswahili, kimesajiliwa kama shirika la hisani chini ya kifungu cha 501(c)(3). Msimu wa kampeni ukifika, mtu anapendekeza kwamba chama kimchangie mgombea. Hapana. Shirika la aina hiyo limekatazwa kabisa kuunga mkono au kupinga mgombea, na msamaha wake wa kodi unaweza kufutwa. Wanaotaka siasa waanzishe kikundi chao, wafungue akaunti yao ya benki, na wasiguse hata senti ya rambirambi.

Hatua ya 2: Jiandikisheni ndani ya saa 24

Ombeni kwanza namba ya mwajiri, EIN, hata kama hamtaajiri mtu. Kisha jazeni Fomu 8871 kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi, IRS, ndani ya saa 24 tangu kikundi kianzishwe. Inataka jina, anwani, barua pepe, lengo la kikundi, viongozi wake, mtunza kumbukumbu na vikundi vyenye uhusiano nanyi. Mkichelewa, fedha zilizoingia kabla ya kujiandikisha zinaweza kutozwa kodi kama mapato ya kawaida.

Baada ya hapo chapisheni Fomu 8453-X, mtie saini na kuituma kwa posta. Ndipo IRS itawatumia jina na nywila ya kuingilia mfumo wa ripoti. Barua huchukua muda wake, basi msisubiri mpaka wiki ya ripoti. Na kiongozi akibadilika au mkihama ofisi, sahihisheni 8871 ndani ya siku 30.

Hatua ya 3: Fungueni daftari kabla ya kufungua mkoba

Jedwali la Excel linatosha. Safu zake: tarehe, jina kamili, anwani, kazi, mwajiri, kiasi, na jumla ya mtu huyo tangu Januari. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Sheria inataka mtajwe kila aliyetoa jumla ya dola 200 au zaidi katika mwaka wa kalenda. Mama anayetoa dola 50 kila mwezi kuanzia Januari hamumwoni kama mchangiaji mkubwa, lakini Aprili amefika 200 na jina lake linaingia kwenye ripoti. Ndiyo maana nachukua maelezo ya kila mtu tangu dola ya kwanza.

Mambo ya harambee yanahitaji uangalifu. Bahasha ikija na dola 1,000 "kutoka meza yetu", ombeni orodha: nani ametoa ngapi. Mtu akisema "niandike kwa jina la shemeji", mkatalieni kwa upole. Anayeandikwa ni yule ambaye fedha ni zake. Aliyelipia ukumbi au aliyepika pilau ya wageni kwa gharama yake naye amechangia, kwa thamani ya alichotoa.

Halafu kuna ndugu wa nyumbani. Asiye raia wa Marekani na asiye na grini kadi hairuhusiwi achangie uchaguzi wowote hapa, uwe wa taifa, wa jimbo au wa mji. Mjomba akituma dola 100 kutoka Mombasa au Muscat, mshukuruni na mzirudishe siku hiyo hiyo, na risiti ya kurudisha muitunze.

Upande wa matumizi, mlipwaji hutajwa kwenye ripoti akifikisha dola 500 kwa mwaka. Andikeni pia sababu ya malipo, kwa maneno yanayoeleweka: "kuchapa vipeperushi", siyo "huduma".

Hatua ya 4: Chagueni ratiba ya ripoti

Ipo ya kila mwezi, na ipo ya robo mwaka. Mkishachagua, mtakaa nayo mwaka mzima. Ya kila mwezi kwa kawaida hutumwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wa robo mwaka, katika mwaka wa uchaguzi wa taifa, hutuma kufikia tarehe 15 baada ya robo kuisha, wakiongeza ripoti ya siku 12 kabla ya uchaguzi waliouchangia na nyingine siku 30 baada ya uchaguzi mkuu. Ya kufunga mwaka ni Januari 31. Mwaka usio wa uchaguzi wanatuma mbili tu, Julai 31 na Januari 31. Kwa kikundi kidogo chenye mweka hazina wa kujitolea, mimi hushauri ya kila mwezi: kumbukumbu bado ni mbichi.

Hatua ya 5: Jazeni Fomu 8872

Jedwali A ni michango, jedwali B ni matumizi. Hutumwa kwa mtandao. Kama hamjawahi kuiona, tafuteni kwenye tovuti ya IRS ripoti za jumuiya za magavana wa Republican na wa Democratic. Zote mbili ni za kifungu cha 527 na zinajaza fomu hii hii.

Mchangiaji akikataa kutajwa, rudisheni fedha. Adhabu ya kuficha ni asilimia 21 ya kiasi kilichofichwa, yaani dola 630 kwa mchango wa dola 3,000.

Mwisho wa mwaka kuna Fomu 990, taarifa ya mwaka ya vikundi vilivyosamehewa kodi, mkifikisha mapato ya dola 25,000, na 1120-POL, fomu ya kodi ya mapato ya vikundi vya kisiasa, kama mmepata mapato yanayotozwa kodi, kwa mfano riba ya benki, zaidi ya dola 100.

Hatua ya 6: Jisomeni kama mgeni

Baada ya kutuma, ingieni kwenye ukurasa wa umma wa IRS, mtafute jina la kikundi chenu, mfungue ripoti na kuilinganisha na daftari mstari kwa mstari. Wanachama nao waonyesheni njia hiyo. Mkikuta kosa, fungueni Fomu 8872 upya, mweke alama kwenye kisanduku cha ripoti iliyorekebishwa, na mtume kabla ya kulala.