Gesi, plasma au leza: namna ya kuchagua njia ya kukata bamba

Fundi wa Lamu anayetaka kukata bamba kwa moto aulize kwanza ni la metali gani, kabla hajauliza unene wake wala bei ya mashine.

Gesi, yaani oksijeni na asetilini, hukata kwa kuunguza, si kwa kuyeyusha tu: moto hupasha chuma hadi kikawa chekundu cha kung'aa, karibu nyuzi 900 za Selsiasi, kisha mkondo wa oksijeni safi hukiunguza na kuyapuliza chini mavi yake, yaani takataka za chuma kilichoungua. Chuma cha kawaida hukubali kwa sababu oksidi yake, yaani utando unaotokana na chuma kuungana na oksijeni, huyeyuka kabla ya chuma chenyewe. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, ilhali oksidi inayoifunika hustahimili hadi zaidi ya 2,000. Stenlesi nayo hukingwa na kromiamu iliyomo. Kwa hiyo anayetengeneza vifaa vya mashua vya stenlesi, ili visiliwe na maji ya chumvi, asijisumbue na gesi.

Plasma, yaani mkondo wa hewa uliopashwa moto mkali mno kwa umeme, hukata metali yoyote inayopitisha umeme, na kwa bamba jembamba huipita gesi kwa kasi na huliacha bila kupinda sana. Adui yake huku pwani ni unyevu: maji yakiingia kwenye hewa ya kompresa, nozeli na elektrodi za tochi, yaani ncha zinazotoa mkondo huo, huliwa upesi, basi funga kichujio na umwage maji ya tangi kila siku. Ukingo uliokatwa kwa plasma ya hewa usagwe kabla ya kuchomelewa, kwani nitrojeni iliyobaki huacha vitundu ndani ya weldi.

Bamba la chuma cha kawaida linalozidi milimita 25 bado ni la gesi, hasa pale ufukweni pasipo umeme. Mtungi wa asetilini uliolazwa katika boti kutoka Mokowe, upande wa bara, usimamishwe wima saa kadhaa kabla ya kufunguliwa. Shinikizo lake la kazi lisizidi bar 1. Na mkono wenye grisi ya injini usiguse vali ya oksijeni kamwe.

Leza, yaani mwali wa mwanga wenye nguvu, hukata kwa usahihi mkubwa, ila kwa karakana ndogo ni ghali mno. Afadhali kuagiza vipande vilivyokwisha kukatwa kwingine.

Vyovyote iwavyo, jaribu kwanza kwenye kipande cha chakavu. Ukikata kwa gesi, itazame michirizi ya ukingoni: ikirudi nyuma sana, umekwenda mbio, punguza mwendo.