Namna ya Kuichambua Kruza Iliyonunuliwa Ng'ambo: Mfano wa Japani

Anayetaka kuzielewa kruza, yaani manowari za mwendo wa kasi, ambazo Japani iliziagiza Ulaya kabla ya vita vyake na China vya 1894 asianze kwa kuhesabu mizinga, bali aanze na sitaha ya deraya. Kruza za aina hii hazikuvishwa deraya ubavuni. Kinga yao ilikuwa sitaha ya mabamba mazito iliyolazwa ndani ya meli, ikiwa bapa katikati na kuinama pande zote mbili hadi chini ya usawa wa maji, ili ifunike injini, boila na maghala ya baruti. Chukua mchoro wa Naniwa, iliyoundwa na kampuni ya Armstrong Mitchell mjini Newcastle, Uingereza, na kushushwa majini mwaka 1885: sehemu bapa ina unene wa milimita 51, na mteremko una milimita 76. Mteremko ulinenepeshwa kwa sababu kombora lililotoboa ubavu lingeuangukia huo kwanza, na katika kruza hizi makaa ya mawe yalipangwa juu yake ili yapunguze nguvu ya pigo na kuziba nafasi ambayo maji yangeingia.

Kisha tafuta mizinga ni ya kizazi gani. Naniwa ilibeba mizinga miwili mikubwa ya Krupp ya milimita 260, iliyochukua muda mrefu kupakiwa. Yoshino, iliyoshushwa majini Newcastle mwaka 1892, iliacha mizinga ya namna hiyo kabisa na kuchukua ya milimita 152 na 120 ya kufyatua haraka, na mwendo wake ulifikia maili za baharini 23 kwa saa, ilhali Naniwa ilikimbia takriban 18. Nionavyo mimi, pengo hili lina uzito kuliko tofauti yoyote ya tani.

Usipuuze sababu ya kununua. Matsushima na Itsukushima ziliundwa Ufaransa, na Hashidate, ya ramani ileile ya mhandisi Mfaransa Émile Bertin, ikaundwa Yokosuka, Japani. Linganisha tarehe za kukamilika, 1892 na 1891 kwa zile za Ufaransa na 1894 kwa ile ya nyumbani, nawe utapata kipimo cha haki cha uwezo wa karakana za Japani wakati huo.

Fuatilia pia safari ya kuja, kwani Unebi, iliyoundwa Le Havre, ilitoweka Desemba 1886 baada ya kuondoka Singapore.

Mwisho, kagua majina ya awali. Izumi, iliyozifuatilia meli za Urusi asubuhi ya mapigano ya Tsushima mwaka 1905, ilikuwa Esmeralda ya Chile, na mauzo yake ya 1894 yalipitishwa chini ya bendera ya Ekuador, kashfa iliyomfanya Rais Luis Cordero ajiuzulu mwaka uliofuata. Meli ya namna hii iandikie majina yote mawili, la sivyo nusu ya historia yake itakupita.