Kuchoma CD na DVD kwa Brasero na K3b Bila Kuharibu Diski

Katika vibanda vya steshenari vya Mwanjelwa, jijini Mbeya, bado wapo wateja wanaoleta nyimbo za kwaya kwenye flashi wakitaka zichomwe kwenye CD, kwa kuwa redio waliyo nayo haina tundu la flashi. Programu huria za Brasero na K3b, zinazotumika kwenye Linux, huifanya kazi hiyo vizuri na hazidai leseni ya kununua. Udhaifu wake ni kwamba humtaka mtumiaji achague aina ya diski, ambayo huiita mradi, kabla ya jambo lingine lolote, bila kumweleza kila chaguo litamfikisha wapi.

Kwa CD itakayopigwa kwenye redio ya zamani, chagua mradi wa sauti, si wa data, hata kama nyimbo zako ni faili za MP3. Mradi wa data hunakili faili kama zilivyo, hivyo CD itafunguka vizuri kwenye kompyuta yako, mteja ataondoka ameridhika, na akifika Tukuyu redio isiyosoma MP3 itakaa kimya. Mimi nilirudishiwa diski sita kwa kosa hili, na programu haikuwa imenionya hata mara moja. Mradi wa sauti huzigeuza nyimbo kuwa sauti ya kawaida ya CD, ambayo hupimwa kwa dakika: CD ya megabaiti 700 hubeba dakika 80 tu. Brasero ikizikataa MP3 kwenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, weka kwanza kifurushi cha ubuntu-restricted-extras.

Kisha punguza kasi. Mara 16 (16x) inatosha. K3b huionyesha kasi waziwazi, lakini huizungushia vifupisho visivyoelezwa. TAO (Track At Once) huzima leza kati ya wimbo na wimbo, ilhali DAO (Disc At Once) huandika diski nzima kwa mkupuo mmoja na kuifunga, nayo ndiyo inayofaa CD ya sauti. Tumia kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi, CD-R hiyo, yaani CD inayoandikwa mara moja tu, haifai tena.

Video ya harusi ina mtego wake. Deki nyingi za zamani hazisomi MP4, hivyo itengeneze kwanza kwa DVDStyler, nayo programu huria, ukichagua mfumo wa picha za televisheni uitwao PAL. Usishtuke K3b ikidai kwamba DVD ya gigabaiti 4.7 ina nafasi ya 4.4 tu: kiwanda huhesabu kwa elfu, programu kwa 1,024. DVDStyler ikikupa faili la ISO, yaani taswira ya DVD nzima katika faili moja, lichome kwa kitufe cha taswira ya diski. Ukilitia kwenye mradi wa data utapata DVD yenye faili moja lisilochezeka. Mwisho itoe diski, uijaribu kwenye deki yenyewe, wala si kwenye kompyuta iliyoichoma.