SOMO: Protini adapta, washenga wa kinga ya mwili (chukua karatasi, penseli na kifutio)

Habari zenu wadau. Nimeulizwa sana hili swali: inakuaje mtoto seli nyeupe anazo za kutosha, kingamwili zipo, vipimo vya damu vya kawaida vinatoka safi, alafu nimonia na homa ya uti wa mgongo zinamrudia mpaka anapotea? Jibu mojawapo liko kwenye protini ambazo hazikati kitu wala hazichomi kitu, kazi yake ni kushika huku na kushika kule basi. Mimi huwa naziita washenga, maana mshenga haoi yeye wala hatoi mahari yeye, ila asipofika nyumbani kwa binti ndoa hamna. Leo tunachora mshenga mmoja tu, anaitwa MyD88, ukimwelewa huyu wengine utawasoma mwenyewe.

Hatua ya 1. Chora mistari miwili sambamba, huo ni utando wa seli (utando, sio ukuta, ukuta wanao mimea na bakteria). Seli yetu ni makrofeji, ile nyeupe inayomeza wadudu. Kwenye utando chomeka vipokezi viwili vimekaa pamoja, kimoja andika TLR2. Nje weka kipande cha ganda la nyumokokasi, yule bakteria wa nimonia. Kipande kinanasa kwenye kipokezi, vipokezi vinasogeleana.

Hatua ya 2. Chora mikia ya hivyo vipokezi kwa ndani, uandike TIR. Hapa ndo wanafunzi wengi wanaharibu, wanavuta mshale moja kwa moja mpaka kwenye kiini cha seli. Usifanye hivyo. Huo mkia hauna uwezo wa kubandika fosfeti (kipande cha kemikali kinachowasha protini) wala kuamsha chochote peke yake, umekaa tu unasubiri mtu wa kuupokea.

Hatua ya 3. Sasa wanaingia washenga. Wa kwanza TIRAP, anakaa amejibana kwenye utando kwa ndani, na yeye ndo anamvuta MyD88. Mchore MyD88 kama kijiti chenye vichwa viwili, kichwa kimoja ni TIR, kinashikana na TIR wenzake, kile kingine kina umbo lililopewa jina la kifo kwa sababu lilionekana mwanzo kwenye protini zinazoua seli, jina lisikutishe, hapa hakifi kitu. Ni sawa na adapta ya chaja, upande mmoja unaingia kwenye soketi ya kwenu na upande mwingine unapokea plagi ya ugenini.

Hatua ya 4. MyD88 hafanyi kazi akiwa mmoja. Mwaka 2010 watafiti walipiga picha ya hilo umbo kwa miale ya eksirei wakakuta MyD88 sita, juu yake protini nne za IRAK4, juu yake tena nne za IRAK2, zimepandana kwa kuzunguka kama ngazi za ndani ya mnara wa msikiti. Mimi hii picha naipenda sana maana inakuonyesha kazi yote ya mshenga, amewaleta IRAK karibu karibu mpaka wakabandikana fosfeti wenyewe kwa wenyewe. IRAK ni vimeng'enya, wao ndo wenye nguvu, ila bila kukusanywa wamelala.

Hatua ya 5. Kuanzia hapo ni mteremko wa protini zinazopokezana ishara: TRAF6, TAK1, IKK, alafu NF-kB anafunguliwa anaingia kwenye kiini na jeni za kuleta homa na kuita seli nyingine zinawaka.

Hatua ya 6. Chukua kifutio, mfute MyD88. Kipokezi kipo, IRAK wapo, NF-kB yupo, na hakuna kinachoendelea. Watoto wa hivi waliripotiwa 2008, na wenzao waliokosa IRAK4 walishajulikana tangu 2003. Bakteria wa usaha wanawaumiza vibaya mno, hasa nyumokokasi, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba homa inachelewa au inakuwa ndogo, kwa hiyo mzazi na daktari wote wanadhani mambo sio makubwa. Ripoti ya 2010 ya wagonjwa 60 wa hayo makundi mawili ilionyesha hakuna aliyekufa baada ya kuvuka miaka 8. Yaani ukimvusha huyo mtoto kwa chanjo na antibayotiki za kinga, anaishi.

Sasa mrudishe MyD88 ila umkosee kidogo, amino asidi (tofali la protini) moja tu, ya 265, lusini iwe prolini. Huyu haachii, anaunganisha hata bakteria asipokuwepo, seli B (seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili) zinaambiwa ishi, ongezeka, usiku na mchana. 2012 ikagundulika zaidi ya 90% ya wagonjwa wa saratani ya damu iitwayo Waldenström wana kosa hilo hilo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu shukrani, ila kama MyD88 hayupo mbona huyo mtoto hafi na kila kitu, virusi, kifua kikuu?
Jibu: Kwa sababu washenga ni wengi. Kipokezi cha virusi, TLR3, kinamtumia TRIF. Seli T (seli nyeupe nyingine za kinga) zina wa kwao, LAT na SLP-76. Na kadri mtoto anavyokua seli T na kingamwili zinakomaa zinaziba pengo.

Swali: Huku kwetu Afrika mashariki kuna lolote limepimwa?
Jibu: Lipo. 2007 watafiti walipima watu zaidi ya 6,000, Kenya ikiwemo, wakaona wenye nakala moja ya jeni ya TIRAP iliyobadilika nafasi ya 180 wamekingwa zaidi na malaria kali, nyumokokasi na kifua kikuu. Ishara kidogo kupoa ikawa faida. Tafiti za baadae hazikukubaliana zote, upande wa kifua kikuu hasa, kwa hiyo usiibebe kama msahafu.

Swali: Mwalimu, mwanangu wa miaka 3 kaugua nimonia mara mbili, nimpime MyD88?
Jibu: Pole sana dada. Usianzie huko, huu ugonjwa ni adimu mno. Mpeleke kwa daktari wa watoto na kadi ya chanjo, aangalie moshi wa jikoni, lishe, pumu, selimundu, VVU. Ila kama aliwahi kukutwa na bakteria ndani ya damu au homa ya uti wa mgongo na mwili haukuchemka, hilo mwambie daktari kwanza kabla ya yote.

Swali: Kuna adapta inayoumiza wavulana tu?
Jibu: Karibu wavulana tu, inaitwa SAP, ndogo, amino asidi 128, jeni yake iko kwenye kromosomu X, mvulana anayo nakala moja hana akiba. Akiikosa, virusi vya Epstein-Barr ambavyo wengi wetu tumepata utotoni bila kujua vinaweza kumuua. Ugonjwa ulielezwa 1975, jeni ikapatikana 1998. Tiba ya kuponya ni kupandikizwa uboho, na mama akishajua anaibeba, wadogo wa huyo mtoto wapimwe mapema.