Mishipa inayotuna miguuni: somo kwa wanaosimama kutwa

Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa kupanda mlima. Ndani ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, kuna vali, vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu. Anayeisukuma damu ni kigimbi: ukipiga hatua, msuli unaikamua vena. Muuza duka aliyesimama palepale tangu asubuhi hakamui chochote. Damu inajaa chini, vena inatanuka, vilango havikutani tena, damu inarudi ilikotoka.

Vijishipa kama utando wa buibui, chini ya milimita 1, mara nyingi ni suala la mwonekano tu. Mishipa iliyojipinda na kutuna, milimita 3 kwenda juu, ndiyo ya kufuatilia. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona rangi ya bluu. Simama, pitisha vidole nyuma ya goti na upande wa ndani wa kigimbi. Tafuta kinundu laini kinachopotea ukilala na kuinua mguu.

Kama ni ya ukoo huwezi kuizuia kabisa. Unapunguza kasi na maumivu.

Hatua ya 1: Kila nusu saa nyanyuka kwa ncha za vidole, shusha visigino polepole, mara 20.

Hatua ya 2: Lala chali, miguu ikiwa juu kuliko moyo, dakika 15, mara 3 kwa siku. Kuiweka kwenye kigoda hakutoshi.

Hatua ya 3: Soksi za kubana. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pima asubuhi kabla mguu haujavimba: mzunguko juu kidogo ya kifundo, palipo pembamba, kigimbi palipo panene, na urefu kutoka sakafuni hadi kwenye kunjo la goti. Anza na mbano wa milimita 15–20 za zebaki (mmHg, kipimo cha nguvu ya mbano). 20–30 uandikiwe na daktari. Ingiza mkono ndani ya soksi, shika kisigino chake, igeuze hadi hapo, vaa unyayo kwanza, kisha ipandishe kidogo kidogo. Ikizidi urefu usiikunje juu: mkunjo ule unakuwa kamba, damu inakwama chini yake. Vua usiku, fua kwa maji ya baridi, anika kivulini.

Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu, au mwenye ateri (mishipa inayopeleka damu miguuni) zilizoziba, asivae kabla ya kupimwa. Soksi inaweza kumtoboa kidonda asisikie.

MASWALI

Wakuu, nikichua kwa mafuta ya karafuu itapotea?
Hapana. Mafuta yanaishia kwenye ngozi, vali iko ndani ya mshipa.

Kukunja nne ndiko kunakoleta?
Kunasingiziwa tu. Tatizo ni kukaa saa nyingi bila kusogeza miguu.

Nina mimba ya miezi 7, imetokea hadi sehemu za siri.
Hutokea, mama. Mwonyeshe mkunga, lalia ubavu wa kushoto. Nyingi husinyaa miezi michache baada ya kujifungua.

Mshipa wa mzee ulipasuka akioga, damu ikaruka.
Ikirudia, alale chini, mguu juu, mbane kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Usimfunge kamba. Hata damu ikikata, mpelekeni hospitali.

Mguu wangu mmoja umevimba tangu jana, una moto, kigimbi kinauma.
Usiuchue wala usivae soksi. Huenda damu imeganda ndani. Nenda hospitali sasa hivi. Kifua kikibana au pumzi zikikata, hiyo ni dharura, usiende peke yako.